Vyeti vitatu mkononi, na swali moja lililonishinda

Mama aliyekuwa akinisaili alivipanga vyeti vyangu vitatu vya teknolojia mezani, akavisoma kimoja kimoja, kisha akavisogeza pembeni kwa kiganja. "Hongera," akasema. "Sasa tuseme ni asubuhi, simu inalia. Watu wa ghorofa ya tatu wanalalamika hawana mtandao. Unaanzia wapi?"

Nilianza na tabaka saba za mtandao. Nilizitaja kwa mpangilio, kuanzia kebo hadi programu, kama nilivyozikariri, na kila moja nikaieleza kazi yake. Alisubiri nimalize, akauliza tena kwa upole uleule: "Sawa. Lakini unaanzia wapi?" Nikazirudia, safari hii kutoka juu kwenda chini. Kisha maneno yakaniishia. Swali ambalo fundi mwenye wiki mbili kazini angeliuliza kwanza, yaani ni ghorofa nzima au ni mtu mmoja, na imeanza lini, halikunijia hata kwa mbali.

Tangu nilipopata kazi, vijana wengi wameniuliza kama vyeti vya kitaaluma vinasaidia kupata ajira ya kwanza ya teknolojia. Huwa nawajibu kwamba vinasaidia, katika baadhi ya kazi, kukufikisha kwenye kile kiti nilichokalia siku ile. Ukishakikalia unabaki peke yako. Mimi nilitumia mwaka na nusu na karibu akiba yangu yote kulielewa hilo, na ningependa mwingine alielewe kwa bei nafuu.

Kabla ya hapo nilikuwa mtunza stoo. Kompyuta nilizijua kama mtumiaji, ila nilikuwa yule mtu ambaye wenzake wakikwama na printa humwita. Nilipoamua kubadili kazi nilifanya jambo lililoonekana la busara: nilisoma matangazo ya kazi kwa wiki mbili na kuandika kwenye daftari kila cheti kilichotajwa. CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, watengenezaji wa vifaa vya mtandao, ilijitokeza mara nyingi, vyeti vya CompTIA, watoaji wa mitihani ya teknolojia, pia, na vya AWS, huduma ya Amazon ya kompyuta ya wingu, yaani kukodi seva kupitia intaneti. Nikajiambia kwamba waajiri wenyewe wameshasema wanachotaka, kilichobaki ni mimi kukinunua.

Nilihesabu maneno bila kusoma sentensi. Ningesoma kwa utulivu ningeona kwamba mengi ya matangazo yale yaliandika "cheti kitakuwa faida ya ziada", na kwamba juu ya mstari huo palikuwa na mistari mitano inayoeleza kazi yenyewe: kupokea tiketi za watumiaji, yaani maombi yao ya msaada, kurejesha nywila, kufunga swichi za kuunganisha kompyuta, kuhakikisha nakala rudufu zinafanya kazi. Mistari hiyo sikuiandika popote. Pia nilichanganya matangazo ya wanaoanza na ya wazoefu. Kwa muda nilikuwa na CISSP kwenye orodha yangu, cheti cha usalama ambacho hupewi kwa ukamilifu mpaka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka 5. Anayeanza kuweka CISSP kwenye mpango wa mwaka wa kwanza hajasoma masharti, na mimi sikuwa nimeyasoma.

Cheti cha kwanza kilikuwa kile cha msingi cha AWS, Cloud Practitioner. Maswali 65 ya kuchagua majibu, dakika 90, na unahitaji alama 700 kati ya 1000. Nilijiandaa kwa miezi miwili. Wiki ya mwisho hofu iliponizidi, mtu niliyekutana naye kwenye kikundi cha masomo aliniuzia faili la "maswali ya mazoezi". Mtihanini nilikutana na maswali kadhaa neno kwa neno. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba nilichonunua ni dampu, maswali halisi yaliyoibwa na watu waliotangulia. Nilifaulu, nikarudi nyumbani, na sikumwambia mtu habari za faili lile.

Nalisema leo kwa sababu najua linavyovutia. Watoa mitihani wakigundua wana haki ya kufuta cheti chako na kukufungia usifanye mitihani yao mingine, na unapojisajili unasaini kwamba umekubali. Lakini kilichoniumiza zaidi ni kwamba nilikuwa na cheti cha wingu huku sijawahi kuwasha seva hata moja huko winguni. Nilijua majina ya huduma, sikujua harufu yake.

Nilipojaribu kurekebisha hilo nikaingia hasara nyingine. Nilifungua akaunti kwa mtoa huduma wa wingu, nikafuata somo la kujenga mtandao mdogo wa faragha wenye njia moja ya kutokea intaneti, ile huduma inayoitwa NAT gateway. Somo likaisha, nikafunga kompyuta, nikalala. Huduma ile hutozwa kwa saa hata kama hakuna data inayopita, na haimo katika vile vya bure. Mwisho wa mwezi bili ilifika, nami sikuwa nimeitarajia. Kwa hiyo ukifungua akaunti ya namna hiyo, kabla ya kujenga chochote weka tahadhari ya bajeti ikutumie barua pepe gharama zikifika kiwango ulichokipanga, na kila ukimaliza zoezi futa ulichojenga. Kufunga dirisha la kivinjari hakuzimi kitu.

CCNA ilinitesa kwa haki. Ni mtihani wa dakika 120, na mada zake zina uzito: anwani za IP, swichi, ruta, usalama, mitandao isiyo na waya. Mara ya kwanza nilianguka. Nilikuwa nimekariri jedwali la kugawa mtandao mkubwa katika vijimtandao, na swali lilipokuja kwa sura nisiyoizoea nikapoteza dakika nyingi kwenye hesabu ambayo aliyeielewa hufanya kwa nusu dakika. Nililia kwenye basi nikirudi. Ada ililiwa, na ada ya kurudia ilikuwa ileile kamili, bila punguzo. Ilibidi nikope kwa kaka yangu, naye alinipa bila kuuliza maswali, jambo ambalo lilinielemea kuliko angenigombeza.

Safari ya pili nilisoma tofauti. Cisco wana programu ya bure inayoitwa Packet Tracer, ambayo ndani yake unachomeka kebo, unawasha swichi, unaandika amri na kuona data ikipita au ikikwama. Kwa miezi mitatu nilijenga humo kila jioni. Nilifaulu, na cheti hicho ndicho pekee kati ya vitatu ninachojivunia mpaka leo. Ila sikutulia nacho. Nikakimbilia cha tatu, Security+ ya CompTIA, cheti cha msingi cha usalama wa mifumo, kwa sababu kilikuwa kwenye daftari.

Kisha nikaanza kutuma maombi. Nilituma 64, nahesabu kwa sababu nilikuwa na jedwali. Kampuni nyingi hazikujibu. Nilipigiwa simu mara mbili. Ya kwanza iliishia kwenye simu. Ya pili ndiyo ya ghorofa ya tatu.

Yule mama alinisindikiza mpaka mlangoni. Hakuwa na haja ya kufanya hivyo. Aliniambia: "Mwanangu, hujafeli kwa sababu hujui. Unajua mengi. Hujawahi kubanwa na tatizo la mtu mwingine, ndiyo maana hujui kuuliza. Nenda ukavunje vitu, uvitengeneze, na uandike." Nikamshukuru, nikafika kituoni nikakaa karibu saa nzima bila kupanda basi lolote. Nilimkasirikia, nikajikasirikia, na nilipomaliza nikaona kwamba neno la mwisho, "uandike", sikulielewa.

Nimelielewa baadaye. Nilichukua kompyuta ya zamani iliyokuwa kabatini, nikaiongezea kumbukumbu, nikaweka VirtualBox, programu ya bure ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, na ndani yake nikaendesha mashine pepe tatu: seva moja ya Linux, moja ya Windows, na moja ya kujifanya mtumiaji. Nikanunua daftari jipya. Kila ukurasa niliugawa sehemu nne: dalili, nilichodhani, nilichokuta, nilichofanya. Sheria yangu ilikuwa moja, kwamba ukurasa haufungwi mpaka sababu ijulikane. Kuwasha upya mashine ikapona hakukuhesabiwa.

Ukurasa ulionibadilisha ni wa tisa. Nilikuwa nimeanza kujitolea kwenye shule ndogo ya chekechea yenye kompyuta kumi na moja, mara mbili kwa wiki. Asubuhi moja nusu ya kompyuta hazikuwa na intaneti, nusu zilikuwa nayo. Nilichodhani: kebo mbovu. Nilibadilisha kebo tatu bila mafanikio. Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo, nikaandika amri ya ipconfig, inayoonyesha anwani ya mtandao ya kompyuta, kwenye kompyuta nzima na kwenye ile mbovu, nikaweka majibu bega kwa bega. Anwani zilikuwa za mitandao miwili tofauti. Lango la kutokea nalo lilikuwa tofauti. Maana yake kulikuwa na vifaa viwili vinavyogawa anwani, kila kimoja kikiamini ndiye mwenye nyumba, na kompyuta ilikuwa inampokea anayejibu kwanza.

Nilitembea chumba kwa chumba. Kwenye darasa la mwisho mwalimu alikuwa ameleta ruta yake ya zamani kutoka nyumbani ili apate tundu za ziada za kebo, akaichomeka ukutani kwa nia njema kabisa. Ruta ile ilikuwa inagawa anwani kwa shule nzima na kuwaelekeza watu kwenye njia isiyokwenda popote. Nilizima ugawaji wa anwani ndani yake, nikamwachia tundu zake, kompyuta zote zikarudi. Nilipokuwa naandika ukurasa ule usiku, nilijikuta nimerudi kwenye swali la yule mama. Nusu ya kompyuta au zote? Imeanza lini? Nani amechomeka nini jana? Tabaka saba zilikuwa na maana sasa, maana zilikuwa zinanisaidia kupanga maswali. Na nasema kwa haki: bila CCNA nisingeelewa nilichokiona kwenye zile anwani mbili. Elimu nilikuwa nayo. Haikuwa imepata pa kushika.

Kwa miezi mitano nilijaza kurasa 41. Baadhi ni ndogo sana, printa iliyobadilika anwani, saa ya kompyuta iliyorudi nyuma ikafanya tovuti zote zionekane si salama. Nyingine ni aibu. Nilifuta folda ya mhasibu wa shule nikidhani ni nakala, halafu nikagundua nakala rudufu niliyoiweka mwenyewe haikuwahi kujaribiwa na haikufunguka. Zilipotea kazi zake za wiki mbili. Nilimwomba radhi ana kwa ana, nikakaa naye Jumamosi mbili tukiandika upya kutoka kwenye risiti. Nakala ambayo hujawahi kuirejesha usiiite nakala. Ukurasa huo ndio nilioulizwa zaidi kwenye usaili uliofuata.

Nilipoanza kutuma maombi tena, wasifu wangu ulikuwa umegeuka. Vyeti vilishuka chini, viwili tu. Kile cha kwanza, cha dampu, nilikiondoa, hakikuwa changu. Juu niliweka kazi nne kutoka kwenye daftari, kila moja kwa mistari mitatu: tatizo lilikuwa nini, nilifanya nini, nini kilibadilika. Na badala ya kutuma kila mahali nilisoma kwanza kampuni inafanya nini.

Hapo niligundua jambo ambalo nadhani wengi hawaambiwi. Kuna kampuni ambazo cheti chako ni mali yao. Wanaofunga na kusimamia mitandao ya wateja mara nyingi ni washirika rasmi wa watengenezaji wa vifaa au wa watoa huduma za wingu, na ngazi yao ya ushirika hutegemea, pamoja na mengine, idadi ya wafanyakazi wenye vyeti. Ngazi ikipanda, wanapata masharti bora zaidi. Kwao mtu anayekuja tayari na CCNA amewapunguzia gharama siku ya kwanza. Kuna pia kazi ambazo cheti ni sharti la kisheria au la mkataba: Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kwa mfano, kupitia mwongozo namba 8570 na sasa 8140 uliochukua nafasi yake, imekuwa ikitaka wanaoshughulikia usalama wa mifumo yake wawe na sifa zinazotambuliwa, na Security+ imo kwenye orodha. Hapo hakuna mjadala, huna unakatwa.

Upande wa kuandika programu hali ni nyingine kabisa. Marafiki zangu walioingia huko hawakuulizwa cheti. Waliulizwa waonyeshe programu waliyoandika, wakapewa zoezi, wakaambiwa waeleze kwa nini waliandika hivyo. Ukitaka kuwa mwanaprogramu, ile ada ya mtihani ingekufaa zaidi ikiwa muda: miezi mitatu ya kujenga kitu kimoja kinachotumiwa na watu halisi, hata watano.

Nilipata kazi kwenye dawati la msaada la kampuni moja ya mitandao, moja ya zile zenye ushirika rasmi. Ilikuwa ombi la 9 la awamu ya pili. Afisa rasilimali watu aliniambia wazi kwamba aliniita kwa sababu ya CCNA. Alikuwa na wasifu mwingi mno na alihitaji cha kuchujia. Fundi mkuu aliyenisaili hakuitaja hata mara moja. Alifungua ukurasa wa nakala rudufu iliyokufa, akaniuliza ningefanya nini tofauti, tukazungumza dakika arobaini.

Mshahara wa kwanza ulikuwa mdogo kuliko wa stoo. Nilijua hivyo kabla, lakini mwezi wa pili uliuma. Miezi kumi na minane baadaye ulikuwa umeupita ule wa stoo.

Sasa hivi huwa naombwa kusaidia kuchuja waombaji. Nikiona vyeti sita na hakuna sentensi hata moja inayosema mtu amefanya nini, napata wasiwasi, kwa sababu naijua ile hofu inayomfanya mtu anunue cheti kingine badala ya kukabili kitu kinachoweza kumshinda. Nikiona cheti kimoja na hadithi mbili za kweli, namwita. Na mitihani haifanani. RHCSA, cheti cha Linux cha kampuni ya Red Hat, inakuweka mbele ya mashine ya Linux na kazi za kufanya, na mipangilio yako inatakiwa ibaki hai baada ya mashine kuwashwa upya. CKA, ya Kubernetes, mfumo wa kusimamia programu kwenye seva nyingi, ni saa mbili za kufanya kazi halisi. Mtu aliyepita mtihani wa aina hiyo amenionyesha kitu ambacho maswali ya kuchagua hayawezi kunionyesha.

Ukiniuliza ningefanyaje leo na pesa zilezile: ningechagua aina moja ya kazi kwanza, kabla ya cheti. Ningesoma matangazo 30 ya kazi hiyo tu, ya wanaoanza, na kuandika majukumu, si vyeti. Ningepakua muhtasari wa mtihani mmoja, ambao watoa mitihani huuweka wazi bila malipo, na kuutumia kama ramani ya masomo, kwa sababu hiyo ndiyo faida kubwa ya vyeti kwa anayejifunza peke yake: mtu mwingine amekupangia nini kinatangulia nini. Ningejenga na kuandika tangu wiki ya kwanza. Ada ningeilipa mwisho, nikiwa tayari, na ningeweka kando ada ya kurudia kabla ya kujisajili ili nisiingie mtihanini na woga wa deni.

Na ningehesabu umri wa cheti. CCNA, Security+ na vile vya AWS vyote huisha baada ya miaka 3. Ukichukua vitatu kwa mwaka mmoja bila kazi, vitakuja kuisha pamoja. Hata jina lenyewe laweza kuondoka: Microsoft walikiondoa MCSE, cheti chao cha wataalamu wa mifumo, mwanzoni mwa 2021, baada ya kuwa cheti kinachotajwa kwenye matangazo kwa miaka mingi.

Changu cha wingu kimeshapita tarehe yake, nimekiacha. Security+ nayo nimeiacha, kazi yangu haiihitaji. CCNA nimeihuisha kwa kukusanya pointi 30 za masomo ya kuendelea, na kampuni ndiyo iliyolipa. Daftari liko kwenye droo ya meza yangu kazini, nimefika la tatu. Jana nimeandika ukurasa kuhusu swichi ambayo bado sijaijua sababu yake, kwa hiyo haujafungwa.